Kiini cha Profesa

Shoga, nimejifungia kwenye chumba baridi cha maabara, meno yanagongana. Heri nigande kuliko kurudi kule!

Si unaijua ile protini yangu inayoshikilia ukuta wa kiini cha seli? Ikibandikwa mkia wa mafuta na mkia usikatwe, ukuta unakunjamana, seli inazeeka kabla ya siku zake.

Basi leo nikaonyesha picha mbele ya maabara nzima. Huku seli za mtu mwenye afya, kule za mgonjwa wa uzee huo wa mapema. Nikajitapa: "Mtazameni mgonjwa! Kiini kimenyauka, seli imechoka, inangoja kuzikwa!"

Profesa akavua miwani. "Binti, umechanganya sahani za seli. Hizo seli ni zangu."

Shoga, nilisahau! Alijitolea kipande cha ngozi yake, eti kiwe mfano wa afya!

Inangoja kuzikwa! Mdomo wangu huu!

Nikarukia picha inayofuata: seli zake zile zile baada ya dawa inayozuia mkia usibandikwe. Kiini laini kama yai.

Akaitazama weee, huku anapapasa shavu.

Ngoja, kuna mtu anagonga.

Ni yeye. Ananong'ona: "Binti, ile dawa ilibaki?"