Nati ya Kabureta na Mlima wa Hospitali

Jumapili, jioni. Mvua ya asubuhi imekatika, ziwa limetulia, na mikono yangu bado inanuka petroli. Nimeisugua kwa majivu, maana sabuni dukani hakuna.

Leo nimeshindwa katika mabishano. Naandika sentensi hiyo polepole, kwa sababu sina mazoea nayo.

Koku, binti yetu wa kwanza, amerudi nyumbani kujifungua. Mumewe ni mwalimu huko Nansio, na kwetu uzazi wa kwanza hufanyika kwa mama mzazi. Siku zimekaribia. Hospitali iko juu ya mlima, sisi tuko huku chini Kirumba, na gari la kumpeleka ni hili langu la Kiingereza, kuukuu, lenye taa za mviringo, ambalo nimekuwa nikilifundisha siasa tangu petroli ianze kuadimika.

Nina maana hii. Chini ya kabureta kuna nati. Ukiipandisha, injini inapata hewa nyingi na petroli kidogo. Ukiishusha, petroli inaongezeka. Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikiipandisha, kidogo kidogo, huku nikiandika barua gazetini kuwasuta wenye magari wanaokunywa mafuta ya taifa kama pombe ya harusini. Sikutaka mtu aseme na mimi nakunywa. Kwenye kikao cha tawi la chama, ambako mimi ni mjumbe, nilitamba kwamba gari langu linakwenda kwa harufu tu ya petroli. Nilipigiwa makofi.

Na lilikwenda kweli. Mimi peke yangu, mwembamba, kwenye barabara tambarare ya kando ya ziwa.

Baada ya misa Mama Koku aliniuliza kama gari litapanda mlima likiwa na watu. Nikaanza kumweleza mgao wa mafuta, bei za nje, shida za nchi changa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaenda kumwita jirani yetu Mama Kulwa, muuza samaki, mwanamke wa kilo nyingi na maneno mengi zaidi. Wakajipakia kiti cha nyuma, katikati yao wakaweka gunia la viazi.

"Gunia ni mizigo ya Koku," akasema mke wangu. "Mama Kulwa ni Koku na mtoto wake. Mimi ni mimi. Haya, Baba Koku, twende kabla ya saa nane."

Jumapili baada ya saa nane mchana magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Amri hiyo hakuna aliyeitetea mtaani kwa sauti kubwa kuliko mimi.

Tambarare tulikwenda vizuri. Mlimani, hata nusu hatujafika, injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikazima. Nikawasha. Ikazima tena. Nikavuta choki, ile ya kuizidishia petroli asubuhi ikiwa baridi, na gari likapanda hatua chache kwa nguvu. Nilipoirudisha tu, kimya. Basi nikajua. Injini ilikuwa na njaa, na aliyeinyima chakula ni mimi.

"Ndugu mjumbe," Mama Kulwa akasema huko nyuma, "huu ndio mlima wa kujitegemea? Mbona naona tunategemea breki?"

"Mama Kulwa, shuka uweke jiwe nyuma ya gurudumu."

"Nishuke? Mimi nina uchungu! Umeona wapi mzazi anatumwa mawe?"

Mke wangu hakucheka. Alikuwa anatazama juu, jengo la hospitali na barabara iliyobaki. Alikuwa anaipima kwa miguu ya Koku.

Jiwe niliweka mwenyewe. Nikafungua boneti, nikaishusha nati kidogo. Mama Koku akahamia kwenye usukani kunikanyagia mafuta. Injini ikawaka, ikasitasita. Nikashusha tena.

"Yatosha," nikasema.

"Bado inatetemeka huku mguuni."

"Nimesema yatosha, Mama Koku. Hii ni petroli, si maji ya ziwa."

"Na huyo ni mwanao, si kikao cha tawi."

Nikashusha tena. Injini ikatulia, ikatoa sauti nzito ya shibe, na alipokanyaga ikaitika bila kusita. Tukapanda mpaka langoni. Mlinzi akaja mbio, akauliza mgonjwa yuko wapi. Mama Kulwa akamwambia mgonjwa ni dereva.

Tulirudi nyumbani mapema. Koku alikuwa kizingitini anachambua mchele. Akauliza kama limepanda. Nikasema limepanda. Akaendelea kuchambua, lakini niliona mabega yake yakishuka.

Kumbe alikuwa anaogopa siku zote hizi, na hakutaka kubishana na mimi.

Msimamo wangu sijaubadili. Nchi inayonunua kila tone kwa pamba yake haina petroli ya kuchezea, na mtu anayewasha gari kwenda kununua sigara nitamwambia hivyo hivyo usoni. Ila nimekuwa nikiokoa vijiko kwenye nati huku nikiendesha gari kwenda vikaoni kuhutubia juu ya kuokoa mafuta. Vikaoni watu hufika kwa miguu. Miguu ninayo.

Mama Koku ameliona hilo kabla yangu. Jioni hii amechukua ufunguo wa gari na kuufunga kwenye pindo la kanga yake. Petroli iliyomo kwenye tangi ni ya Koku, amesema, na suala hilo halina mjadala. Nikitaka gari kesho kwenda ofisini, itabidi nije na hoja.

Nimekaa hapa tangu jua lizame, naitafuta. Sijaipata.