Neno la Babu Lililokwama Ndani ya Kompyuta

Somanda,
S.L.P. 118,
Bariadi.
20 Januari, 2004.

Mpendwa Kaka Method,

Mwangaluka, kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi nilichokisikia kwenye simu kimekwisha. Sisi huku hatujambo kwa neema ya Mungu. Bibi Kabula anakula vizuri, ila goti la kushoto linamsumbua akiinuka. Mvua zinanyesha, pamba imeota, na mikono yangu imejaa malengelenge ya jembe.

Ahsante kwa kupokea simu zangu zote za wiki iliyopita, hata ile uliyoipokea mbele ya wateja wako Kariakoo. Naandika kwa sababu kuna jambo moja sikuweza kulisema kwenye simu. Utalikuta mbele, usilirukie.

Kaka, nimebanwa. Wewe uliondoka siku ya tatu baada ya kumzika Babu Nyanda, na hapa kila mtu alikwishaamua kwamba mimi ndiye fimbo ya Bibi. Baba mdogo Maganga alinitamkia wazi kwamba chuo cha uuguzi kisubiri. "Wewe si upo? Bibi yako utamwachia nani?" Chuo hakisubiri mtu. Nisiporipoti tarehe 2 Februari, nafasi yangu anapewa mwingine. Juzi nilisimama kisimani na ndoo kichwani nikatamani kupiga kelele, nikaogopa wangesema nimepandwa na mashetani.

Na Babu alikwishanifungulia mlango. Mwezi wa tisa alinikalisha mbele ya ile kompyuta kuukuu niliyoachiwa na kampuni ya pamba niliyoifanyia kazi, walipofunga ofisi yao ya pale kiwandani. Si unakumbuka walivyokuja kwa shangwe ushirika ulipolala, na walivyoondoka kimya. Babu alisema kwa Kisukuma, mimi nikaandika kwa Kiswahili, Katekista Joakim akiwa shahidi. Mtu aliyesimama kwenye mizani ya ushirika miaka thelathini haamini neno lisiloandikwa. Wino wa printa ulikuwa umekwisha, tukasema tutalitoa kwenye karatasi baadaye. Diski ya kuhifadhia nilikuwa nayo mezani, nikaona haina haraka. Babu akafariki.

Kikao cha kumaliza matanga ni Jumamosi hii, tarehe 24, na hapo ndipo wazee watakapopanga nani akae na Bibi. Katekista anakumbuka kwamba alikuwepo, lakini hataki kuapa juu ya maneno asiyoyaona. Nilipomwambia Baba mdogo alichosema Babu, alinijibu, "Maneno ya mdomo hata mimi ninayo, Generoza."

Sasa fikiria nimewasha kompyuta, imefika pale inapouliza jina na neno la siri, nimeandika, na yenyewe imeganda. Ule mshale haujongei. Nazima, nawasha, inaganda palepale. Fundi Kasmiri wa redio alikuja, akaitazama kwa mbali, akasema dawa ni kufuta kila kitu na kuanza upya. Nilimtoa nje na chai yake hakuimaliza.

Ulinielekeza nichomoe waya wa printa, nikachomoa. Ukasema nibadili kibodi, nikaazima ya parokiani. Nikabonyeza F8 kama ulivyosema, skrini ikaja na maandishi makubwa ya ajabu, nayo ikaganda. Nililia, kaka, sikufichi. Kila kitu changu kilikuwa nyuma ya kile kioo, na mimi nimesimama mlangoni kama mgeni asiyejibiwa hodi.

Kilichotuokoa ni swali lako la mwisho, kwamba inaganda baada ya muda gani. Saa ya ukutani imekufa, kwa hiyo nilishika rozari. Niliwasha nikaanza Salamu Maria, na kabla sijamaliza fungu moja la Salamu kumi ikaganda. Mara ya pili sikuandika chochote, wala jina wala neno la siri. Ikaganda vilevile, kwenye Salamu ya tisa. Ulivyocheka! Ukasema basi haina ugomvi na jina langu, hilo ni joto, fungua sanduku uangalie feni.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Unajua kile kitambaa cha Bibi alichokifuma kwa mkono? Alikuwa ameivisha kompyuta mpaka miguuni, mbele na nyuma, isiingie vumbi. Hata ikiwa inawaka alikunja upande wa skrini tu, kama pazia. Niliona ni heshima, nikaacha. Na ndani, kaka, feni ilikuwa imejaa pamba. Pamba yenyewe, ile nyepesi inayoelea kiwandani, miaka yote imeingia na kushikamana ikawa godoro. Bibi aliitoa kwa sindano yake ya kufumia, kidogo kidogo, huku akisema ni daraja la kwanza hii, ushirika wangeipokea.

Jana asubuhi niliwasha. Mafungu matano yote yakaisha, na yenyewe inapumua tu. Nikaandika jina, ikafunguka. Neno la Babu lipo.

Sasa nisome pamoja nawe, kaka, na unisamehe. Amesema hivi: "Generoza aende shule, asizuiwe na mtu yeyote. Method arudi akae na bibi yake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelelewa kwa mkono wake."

Nilijua tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyeandika. Kila uliponielekeza bonyeza hapa, chomoa pale, nilijua unafungua mlango wako mwenyewe, na nikanyamaza, maana ningekuambia ungeona simu yako haina chaji. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi nimeficha nikazaa, lakini uchungu ninao bado.

Kidole changu kilikaa muda mrefu juu ya kitufe cha kufutia. Ningefuta sentensi ya pili ungebaki na duka lako, na Jumamosi wazee wangeuliza, Bibi abaki na nani, wote wakanitazama mimi. Kabla sijaamua, Bibi akasema nyuma yangu, "Nisomee alichosema mume wangu." Nikamsomea yote. Sikuweza kumpunguzia.

Nimekwishalitoa kwenye karatasi pale stesheneri. Barua hii ikikufikia, litakuwa limesomwa. Kompyuta nakuachia, Bariadi nzima haina fundi wa hizi mashine. Najua hilo si la kukufariji.

Msalimie Justina wako, mwambie lawama ni zangu. Baba mdogo na Katekista Joakim wanakusalimu, bado hawajui watakachosikia. Baada ya kusomewa, Bibi aliinuka. Alikwenda jikoni, akachagua michembe iliyobaki, vile viazi vyetu vya kukausha, ile myeupe unayoipenda, akaijaza kwenye chungu. Kisha akarudi, akakitoa kile kitambaa juu ya kompyuta, akaenda kukifunikia chungu. Mimi akaninyima hata mmoja.

Mungu akulinde njiani, utakapoamua kuishika.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata leo ambapo hutaniamini,

Generoza