Baba Bado Yuko Darajani

Nyalukemba, Bukavu
Tarehe 14 Septemba 2024

Mpendwa yaya Gracien, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu wewe, mkeo Gisèle na watoto. Baridi ya huko Winnipeg inawaacha mpumue? Mgongo wako umepona? Sisi tupo. Presha ya Mama imeshuka, lakini bado anaweka sahani ya Baba mezani, na hakuna anayethubutu kuiondoa.

Barua hii nampa jirani yetu Déborah anayekuja huko, akuletee mkononi, kwa sababu tukiongea kwenye simu Mama huwa pembeni anasikiliza. Usikasirike kabla ya kufika mwisho. Nakujua.

Tulikuambia tumemzika Baba vizuri. Si kweli. Tulimzika hapa mjini, si kwao ng'ambo ya mto Ulindi kama alivyoomba.

Tulitoka asubuhi na gari la kukodi, mimi, tonton Fabien mdogo wake Baba, na jeneza. Mchana tukafika kwenye daraja. Unalikumbuka, tao moja refu la simenti kutoka ukingo hadi ukingo. Baba alikuwa seremala pale miaka miwili, akipiga mbao za kushika simenti mpaka ikauke. Hatukupita hata mara moja bila kuonyeshwa alama za mbao zake chini ya tao, mpaka tukachoka naye. Alisema siku ya mwisho atalivuka akiwa amelala, sisi ndio tutamchukua.

Unajua desturi ya kwetu: maiti havushwi mto mkubwa bila kuambiwa, asije akabaki nyuma. Kuita ni kazi ya kifungua mimba, yaani wewe. Hukuwapo, nikaita mimi. Katikati ya daraja gari likasimama, nikaweka mkono juu ya jeneza, nikamwomba aje nasi.

«Papa Philémon, tuko navuka. Kuya na siye.»

Hatukufika ng'ambo. Mwisho wa daraja walikuwapo askari, na mti umelazwa njiani. Nyuma yao risasi zililia. Mmoja wao akanipigia kelele:

«Maman, mugeuke. Leo hakuna mutu anapita, ata mufu.»

Tonton akawapigia magoti, mtu wa umri ule. Risasi zikazidi. Dereva akarudisha gari kinyumenyume mbio, mimi nimekumbatia jeneza lisianguke.

Hapo ndipo nilipokosa. Mkirudishwa, lazima umwite tena aliyekufa, umwambie mnarudi. Niliogopa, nikasahau. Kaburini tonton akaniuliza kama nilimwita wakati wa kurudi. Nikasema ndiyo.

Yaya, tumezika jeneza tu. Baba nilimwacha darajani. Roho inaniuma. Nilimwungamia padri, akanipa rozari ya kuomba. Nimeiomba yote na bado naumia.

Njia haijafunguliwa. Ikifunguliwa, njoo. Usipite nyumbani kwanza. Twende wote mpaka katikati, umwite wewe, kwa sauti anayoijua. Mimi nitasimama nyuma yako nimwombe samahani.

Mama, tonton Fabien na mdogo wetu Christine wanakusalimu. Tonton usimwambie niliyoandika.

Mungu awalinde huko. Na amtafutie Baba pa kukaa pale darajani, maana miguu yake ilikuwa imevimba, hawezi kusimama muda mrefu.

Wako akupendaye,
mdogo wako Anne-Marie