Mtu wa Tatu Kwenye CV Yangu

Langas, Eldoret
Jumamosi, 15 Machi 2025

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu, na kwamba goti halikusumbui. Msalimie Mama, mwambie sweta ilifika. Mimi na mdogo wangu Marion tu wazima. Naandika kwa sababu kwenye simu huwa unasikia nusu, na leo nataka usikie yote.

Uliuliza kama nilitengeneza CV vile ulivyoniagiza. Niliitengeneza, ila si vile ulivyoniagiza.

Nilikwenda kwa Khalid, mwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta na intaneti karibu na soko. Khalid ana CV moja ya watu wote: anafuta jina la mteja wa jana, anaandika la leo. Ndiyo maana nusu ya wanaotafuta kazi mjini hapa hupenda kusoma, kusafiri na kutangamana na watu. Nilimwambia afute hayo yote. Akacheka, akasema sister, mabosi wamezoea hivyo. Nikamwambia afute pia "mchapakazi mwenye bidii", aweke nilichofanya: miaka minne nikipima unyevu wa mahindi kwenye ghala la Moi's Bridge, magunia mia tatu kwa siku wakati wa mavuno, malori kumi na moja niliyorudisha msimu wa mwisho. Khalid akasema sasa hiyo inaanza kufanana na mtu.

Tukafika kwenye sababu ya kuacha kazi. Ulitaka niseme ghala lilipunguza watu, na ile miaka miwili ya kukaa bure niijaze kwa ukatibu wa kina mama wa kanisa, maana Pasta Isaiah ameshakubali kuthibitisha. Baba, sijawahi kuwa katibu wa mtu yeyote. Niliandika kwamba nilifutwa kazi kwa kukataa kutia sahihi. Khalid akaniuliza kama hiyo ni CV au ni taarifa ya polisi.

Unajua CV zetu humalizika kwa majina matatu ya watu wa kuulizwa habari zako, na mmoja sharti awe pasta. Wa kwanza nilimweka mwalimu wangu wa chuo, Bi Emmaculate. Wa pili, Austine wa mizani kule ghalani. Mahali pa Pasta nilimweka mtu mwingine.

Jumanne kiwanda kimoja cha unga hapa mjini kiliniita. Aliyenihoji ni Bi Anisa Farah, msimamizi wa ubora, mama asiyetabasamu bure. Aliweka kidole kwenye jina la tatu, akauliza kama nina hakika anaweza kumpigia. Nikamwambia ampigie mbele yangu. Akapiga, akaweka spika.

Sasa yale niliyokuficha miaka miwili. Ghala halikupunguza watu. Mzee Jacktone, mwenye ghala, rafiki yako aliyeniajiri kwa heshima yako, ndiye aliyenifukuza. Lilikuja lori la mahindi yenye unyevu wa asilimia kumi na nane, akataka niandike kumi na tatu na nusu, kiwango cha mwisho kinachoruhusiwa. Yalikuwa yanakwenda shule ya bweni. Mahindi kama hayo huota ukungu ndani ya gunia, na sumu yake huua. Nilikataa. Akaniambia nikapime mahindi ya baba yangu. Lori liliondoka jioni ile kwa sahihi ya mtu mwingine. Sikukuambia kwa sababu mnakaa benchi moja kila Jumapili.

Jina la tatu ni lake.

Aliposikia jina langu aliwaka. Alimwambia Bi Anisa asithubutu kuniajiri, kwamba mimi ni mkaidi, kwamba kipimo kikizidi hata nukta moja sitii sahihi, hata mwenye mali akiniomba. Bi Anisa akamshukuru, akakata simu, akaniuliza kama naweza kuanza Jumatatu.

Najua utaona aibu. Mwambie Pasta sina neno naye, ila sikuhitaji shahidi wa jambo ambalo halikutokea. Na usimwendee Mzee Jacktone kuniombea msamaha, sikumkosea. Akikuuliza habari zangu kanisani, mwambie nimepata kazi, na kwamba aliyenisemea ni yeye.

Wasalimie majirani wote, na umwambie Mama nitakuja Pasaka na unga niliopima mwenyewe.

Ni mimi binti yako,
Maximilla