Programu ya Deo na Daftari Langu

Mkolani, Jumamosi

Roho inaniuma, nakiri. Miaka yote mimi ndiye ninayeandika daftarini michezo ya klabu yetu ya sataranji. Deo kaiingiza kwenye disketi, katunga programu ya kuhesabu ni ufunguzi upi unaoshinda zaidi, na leo wote wamejazana kwenye kompyuta ya ofisini kwake wakimwita Profesa. Profesa! Na mwandiko ni wangu.

Karatasi ikatoka: ufunguzi wangu, ule wa kuanza na farasi, ndio unaoongoza.

“Hongera, kaka,” Deo akanipa mkono. “Mashine haidanganyi.”

Nilitamani kumuumbua palepale, maana programu yake imekosea kabisa. Lakini ningesemaje? Kila nilipoanza na farasi nikafungwa, mchezo huo sikuuandika.