Mama Masweta, Umetumiwa Ujumbe

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Sisi hatujambo, baridi ni ile ile, na Baba anakula. Nimeanza na hilo la kula kwa sababu najua ungeliuliza kabla ya mengine yote.

Nakuandikia kwa sababu umetumiwa ujumbe na kampuni ya intaneti. Ndiyo, wewe. Umeingia kwenye kitochi chako, kile kisimu cha vitufe ulichokuwa unakizima kila jioni ili kipumzike. Walichokuandikia nitakwambia, ila kwanza itabidi nikueleze ilikuwaje ukawa mteja wa intaneti, maana ulituacha ukiamini kwamba intaneti ni ugonjwa wa vijana wa Njombe mjini.

Baada ya kukuzika nilishindwa kumwacha Baba peke yake hapa Kitandililo. Yeye hakuniomba nibaki. Alisema, "Nenda kazini, mimi si mtoto," halafu akasonga ugali wa watu wengi kama alivyozoea, akakaa akiutazama. Nikampigia bosi wangu Njombe. Unajua kazi yangu, kupokea oda za parachichi na kutuma nyaraka za mizigo. Akaniambia, "Subira, ukipata intaneti ya uhakika kabla msimu haujaanza, fanyia kazi huko huko kwa mzee. Ukikosa, rudi ofisini." Kumhamishia Baba Njombe nilijaribu pia. Akaniuliza, "Nguruwe nitamwachia nani?" Mama, nguruwe alikuwa mmoja, na tabia zake unazijua. Wote tulifahamu kwamba si nguruwe aliyemfanya Baba asitake kuondoka karibu na ulipolala.

Basi tukaanza kutafuta kampuni. Ya kwanza waya wake ulikuwa umefika Makambako mjini ukaishia hapo. Walisema utafika kwetu hivi karibuni, na kwa jinsi yule kijana alivyotazama pembeni nilijua hiyo hivi karibuni nitaiona nikiwa bibi. Ya pili walitaka kutufungia dishi juu ya bati. Baba akawauliza kama litahimili upepo wa huku, nao wakauliza, "Upepo gani?" Tukaaga. Ikabaki ile yenye bango stendi ya Makambako, familia nzima imezunguka kompyuta, inacheka. Baba alisimama mbele ya lile bango muda mrefu.

"Hawa wanacheka nini?"

"Intaneti, Baba."

"Na baridi yote hii hakuna hata mmoja aliyevaa sweta."

Ungekuwepo ungewavalisha wote masweta yako. Ni pale pale stendi, kumbuka, tulipokuwa tukiwangojea abiria wa kutoka Dar wakishuka na vishati vyepesi, meno yanagongana. Ulikuwa ukinisukuma mgongoni, "Mkimbilie yule, mvalishe kabla hajawa barafu, bei tutaongea akishapata akili." Nilikuwa naona aibu kweli. Sasa nikipita pale huwa natafuta kwa macho mtu anayetetemeka.

Tukajiandikisha kwa jina la Baba kama lilivyo kwenye kitambulisho, Festo Amosi Festo, jina linalokwenda likasahau kitu likarudi. Wakasema fundi anakuja. Baba akavaa koti la kanisani, akaweka kiti uani, akangoja. Jioni ukaja ujumbe: "Ndugu FESTO, fundi wetu amefika kwako lakini hukupatikana."

Hujawahi kumwona Baba amekasirika vile. "Mimi sikupatikana? Mzee wa kanisa mzima? Nimekaa hapa nachambua maharage tangu asubuhi!" Kesho yake akakaa tena. Jioni, hukupatikana. Wiki iliyofuata akahamishia kiti barabarani kabisa, watu wanapita wanampa pole wakidhani bado ni msiba. Hukupatikana.

Ndipo tulipoanza kupiga simu huduma kwa wateja. Sauti ya mashine ikasema karibu, na Baba akaiitikia, "Kamwene, mwanangu." Ikasema kwa Kiswahili bonyeza moja. Akabonyeza, akaishukuru. Kisha ikasema, "Tafadhali subiri."

"Subira, anakuita," Baba akanipa simu.

Mama, ulinipa jina hili kwa sababu ulinisubiri miaka mingi, na nakiri sijawahi kulitendea haki. Walitupigia wimbo mmoja mfupi, ukiisha unaanza, na kila baada ya muda ile sauti inarudi, tafadhali subiri, na mimi naruka kama nimeitwa ubaoni. Siku tatu za kupiga simu zilitosha Baba akatunga besi ya ule wimbo. Alikuwa anauimba akimlisha nguruwe.

Hatimaye akapokea binti wa kweli, si mashine, sauti nzuri, amechoka. Nikamweleza yote, kuanzia bango mpaka maharage. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Pole sana mteja wetu. Umejaribu kuzima kifaa na kuwasha tena?"

"Dada, kifaa hicho ndicho hatujaletewa."

"Sawa, nimekuelewa. Sasa kizime, usubiri dakika moja, halafu ukiwashe."

Baba akainama kwenye simu. "Binti yangu, nizime nini? Hapa cha kuzima ni jiko tu, na tunalipikia."

Nilitaka kumtukana, Mama. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi. Kilichonizuia ni wewe na yule mama aliyeleta sweta la mwanawe analalamika kwamba umelifuma mkono mfupi. Lilikuwa limevaliwa mwaka mzima. Ukamkaribisha, ukamtilia chai, ukafumua ukingo wa mkono ukaanza kuuongeza. Alipoondoka nikakwambia, "Mama, sweta halikuwa na kosa, ni mkono wa mtoto umekua." Ukaniangalia juu ya miwani. "Sasa nimwambie aukate?"

Basi nikamwambia yule binti asante, nikakata simu, nikaenda kupasua kuni mpaka mkono ukauma.

Msimu ulikuwa umekaribia. Bosi akaniandikia kwamba meza yangu ameshaifuta vumbi. Nikaanza kukunja nguo, na Baba akawa anapita mlangoni bila kutazama ndani, anaongea na nguruwe kwa sauti kubwa kuliko kawaida.

Jibu lilitoka dukani kwa Mama Sifa nilipofuata chumvi. "Subira," akaniambia, "kuna kijana wa pikipiki kila mara anakuja hapa na ngazi, namba ya simu hana, ana jina tu, anaulizia mtu wa ajabu. Festo sijui Amosi sijui Festo. Nimemwambia mtaa huu hatuna mtu kama huyo. Mara ya mwisho nikamwelekeza Igwachanya, huko nasikia akina Festo wapo wengi."

"Mama Sifa, Festo ni Baba!"

Akaweka mkono mdomoni. "Mume wa Mama Masweta ana jina?"

Nilimfikishia Baba habari hiyo polepole. Akainamisha kichwa. Amezaliwa mtaa huu, amejenga mtaa huu, ameimba besi mtaa huu, na hakuna aliyejua jina lake. Nilidhani ameumia. Kumbe alikuwa anacheka ndani kwa ndani, mabega yanatikisika, mara ya kwanza tangu uondoke. "Mama yako amenimeza mzima," akasema.

Asubuhi akavaa koti, tukaenda kwa wakala Makambako. Baba akamwambia yule kijana wa dirishani afute jina analoonyeshwa fundi, aandike Mama Masweta.

"Huyo ndiye atakayekuwa mteja?"

"Wewe andika."

"Na namba yake ya simu?"

Baba akatoa kitochi chako kwenye mfuko wa ndani wa koti. Sikujua kama anatembea nacho, Mama. Kilikuwa na chaji, na laini yako ilikuwa hai. Akaisoma namba yako bila kuangalia popote.

Fundi alifika kabla ya chai ya saa nne. Bodaboda watatu walikuwa wamemsindikiza, kila mmoja akidai yeye ndiye anayepafahamu zaidi kwa Mama Masweta. Akafunga antena, akaelekeza huku na huku, ruta ikawasha taa zake zote. Alipomaliza akatoa karatasi. "Mama mwenyewe yuko wapi anisainie?"

Nikafungua mdomo, lakini Baba akawahi. "Ametoka."

Nikakusainia mimi. Na nikabaki nyumbani.

Huduma bado ni mbovu, nisikudanganye. Upepo ukivuma, antena inageukia Lugarawa. Tukipiga simu tunaambiwa tuzime na tuwashe, na siku hizi walau tuna cha kuzima. Ila ujumbe wote unakuja kwako. "Hongera Mama Masweta, umejiunga." "Mama Masweta, kifurushi chako kinakaribia kuisha." Kila kitochi kikilia Baba anaweka jembe chini, anavaa miwani, anasoma kwa sauti kama tangazo la kanisani.

Mwezi uliopita bosi aliniita Njombe wiki chache nikafundishe wafanyakazi wapya. Baba akasema haina haja ya kununua kifurushi, yeye hana anachokitafuta humo. Nilikuwa nampigia jioni. Kila siku anasema hajambo, nguruwe hajambo, mvua hakuna. Ijumaa niliporudi nikamkuta mezani, koti mwilini, kitochi chako kiko mbele yake.

"Mama yako ametumiwa ujumbe," akasema. Hakuusoma kwa sauti. Akanisogezea.

"Mpendwa Mama Masweta, hujaonekana siku nyingi. Tumekukumbuka! Tafadhali rudi."

Nilisimama na begi bado begani. Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikamuuliza, "Baba, tuwaambie wamwondoe? Wamtoe Mama kwenye orodha yao?"

"Nimeshawajibu," akasema.

Nikabonyeza kitufe cha kushuka chini. Unajua Baba hajawahi kuandika ujumbe maishani mwake. Alikuwa ameandika kwa herufi kubwa, bila nukta: HATA SISI TUMEKUKUMBUKA

Na chini yake, muda huo huo, mashine yao ilikuwa imemjibu.

"Asante. Ombi lako limepokelewa. Tafadhali subiri."

Baba akavua miwani, akakirudisha kitochi kwenye mfuko wa ndani wa koti, upande wa moyo, akapitisha kiganja juu yake kuhakikisha kimekaa vizuri.

"Umeona?" akaniambia. "Wamesema tusubiri."

Basi tunasubiri, Mama. Lala salama.

Mwanao,
Subira