Baba Mkwe, Mimi na Sikio la Mwenyekiti

Dada Sabina mpendwa, kabla hujasoma niahidi kwamba hutacheka, maana huku kwangu hakuna anayecheka. Mimi ni Mhehe wa Kalenga, nimeolewa na Asukile, Mnyakyusa, tunaishi Uyole, na kwao mkamwana na baba mkwe hawaonani uso kwa uso wala hawasemeshani, nami nimeishika mila hiyo miaka minne bila kosa, sasa mwezi uliopita baba mkwe, mzee Anyitike, akaja kutoka Tukuyu kutibiwa magoti, akaja na mbwa wake anayeitwa Mwenyekiti, na huyo Mwenyekiti masikio yananuka, dada, yananuka mpaka chakula hakipiti.

Daktari wa mifugo akatupa dawa ya maji, akasema tumimine sikioni, tukande shina la sikio, tumwache mbwa atikise kichwa, halafu tufute kwa pamba, na mtu wa pili amshike. Mume wangu yuko safarini na lori la viazi, nyumbani tupo mimi na mzee tu, nikatundika shuka mlangoni, mzee akakaa sebuleni amekumbatia kiwiliwili cha mbwa, kichwa kikatokeza kwangu jikoni, tukawa tunaongea kupitia mbwa, mzee anasema, "Mwenyekiti, mwambie huyo wa huko aipashe chupa mikononi kwanza, dawa ya baridi itakushtua," nami najibu, "Mwenyekiti, mwambie mzee nimeshapasha," sikio la kulia likaenda vizuri mpaka nilipoliachia, mbwa akatikisa kichwa kwa nguvu zake zote, shuka likaanguka na kamba yake, uchafu wote ukatua usoni kwa baba mkwe, na mimi kwa mshtuko nikamfuta. Nilimfuta baba mkwe shavu kwa pamba ileile, sikio lake nikalipitia pia, tena nikamwambia, "Tulia, tulia, mtoto mzuri."

Tangu siku hiyo amefunga begi na hasemi hata na mbwa. Kila asubuhi namkuta Mwenyekiti amefungwa mlangoni pa jikoni, sikio la kushoto limenielekea, chupa ya dawa pembeni, naona mzee ananiachia mbwa na dawa ili aondoke zake. Asukile anarudi Jumamosi. Nikirudishwa Kalenga nitasema nini, kwamba ndoa imevunjwa na sikio la mbwa? Na yule mzee nampenda, dada. Kila msimu alikuwa ananitumia gunia la ndizi, jina langu limeandikwa juu yake kwa mkono wake.

Faustina, Uyole

Faustina,

Ahadi uliyoniomba niliitunza vizuri mpaka nilipofika kwenye "mtoto mzuri." Nisamehe.

Sasa futa machozi, kwa pamba mpya. Daktari alikwambia kabisa kwamba mbwa atatikisa kichwa, nawe ukaitundika mila ya watu kwenye kamba ya nguo! Kisha umekaa unalilia ndoa huku mgonjwa amefungwa mlangoni pako. Hebu soma barua yako mwenyewe. Mzee mwenye magoti mabovu anainama kila asubuhi kumfunga mbwa, anakugeuzia sikio ambalo halijasafishwa, anakuwekea na dawa. Mtu aliyekukataa hafanyi hivyo. Begi kalifunga kwa aibu, kama wewe tu, na haondoki kwa sababu sikio la kushoto bado.

Mpigie Asukile leo, mweleze yote, hata lile neno. Awaulize shangazi zake Tukuyu jambo kama hili humalizwaje, nawe ufuate watakavyosema. Usisubiri alisikie kwa jirani.

Sikio nalo lisafishe leo. Shuka lipigilie misumari juu na pembeni, chini uache nafasi ya kichwa cha mbwa, mzee amshike kama mwanzo. Pasha chupa, mimina, kanda taratibu, mwache atikise kichwa, funga pamba kidoleni na ufute pale macho yanapofika tu. Kijiti usiingize, mafuta ya kula wala spiriti usimimine, na ukiona damu au usaha rudini kwa daktari.

Ukimaliza, usimwachie mbwa kwanza. Sema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya shuka, "Mwenyekiti, mwambie mzee anisamehe." Kisha nyamaza, na usiondoke hapo mpaka mbwa apewe jibu.